UZI: Kiti cha mtoto cha kwenye gari, kwa sisi wa Lubumbashi wenye usukani wa kulia

MwanaLushi

Jambo yenu wote. Ninafungua uzi huu kwa sababu wazazi wa hapa mjini wananiuliza swali lile lile kila mara: "Ninunue kiti cha aina gani?" Mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: motoka yako ina mikanda ya namna gani kule nyuma? Kiti cha mtoto hakijishikilii chenyewe. Kinashikwa na gari, na kisiposhikwa vizuri kinaruka pamoja na mtoto aliyemo.

Wengi wetu tuna gari za Japani zilizotumika: Ist, Vitz, Noah, RAV4. Kabla hujatoa dola hata moja, fungua mlango wa nyuma uvue yale mafuniko ya viti. Mara nyingi utakuta vifungio vya mikanda vimezikwa chini ya kitambaa tangu siku gari ilipoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Vitoe juu. Kisha angalia kila nafasi. Pembeni kwa kawaida kuna mkanda wa pointi tatu, yaani unaopita begani na kiunoni. Katikati, kwenye gari nyingi za zamani, kuna wa kiunoni peke yake. Kumbuka hilo, kwa sababu kuna viti visivyokubali kufungwa na mkanda wa kiunoni tu, na kitabu cha kiti ndicho kinachosema.

Halafu ingiza vidole kwenye ufa kati ya kiegemeo na kikalio. Ukigusa vyuma viwili vigumu vilivyopinda, vimeachana sentimita 28 hivi, hiyo ni ISOFIX. Kiti chenye meno yake kinabana hapo bila mkanda. Gari nyingi za zamani hazina, na si mkosi: mkanda wa gari uliofungwa sawasawa unashika kiti vizuri vilevile. ISOFIX inasaidia zaidi kupunguza makosa ya kufunga.

Sasa kiti chenyewe. Kiti cha Ulaya kina kibandiko cha rangi ya machungwa. Soma hapo, usisome rangi ya kitambaa. Utakuta herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokipitisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E43 Japani. Kikiandikwa R44, hicho ni cha utaratibu wa zamani, kinapangwa kwa kilo: kundi la 0+ ni hadi kilo 13, kundi la 1 ni kilo 9 hadi 18, la 2 ni 15 hadi 25, la 3 ni 22 hadi 36. Namba ndefu ya idhini ianze na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02 ni kiti cha zamani mno, Ulaya yenyewe ilikataza kukitumia tangu 2008. Kikiandikwa R129, hicho ni cha utaratibu mpya, kinapangwa kwa urefu wa mtoto na kimejaribiwa pia kwa kugongwa ubavuni. Umoja wa Ulaya umesimamisha kuuza viti vipya vya R44 tangu Septemba 2024. Kwa hiyo ukikuta R44/04 kwa bei ya kushuka, si kwamba ni kibovu. Kimepitwa na utaratibu tu.

Viti vya Marekani havina hiyo E. Vina maandishi ya kusema kwamba vimekubaliwa kwa magari na ndege, na kilo na urefu vimeandikwa ubavuni.

Jambo ambalo watu hapa wanabisha sana ni kugeuza kiti kiangalie nyuma. Mtoto mchanga kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na shingo bado laini. Gari ikigonga mbele, mtoto anayeangalia mbele mwili unashikwa na mikanda lakini kichwa kinaendelea kwenda. Aliyegeuzwa nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote vinalalia kiti kwa pamoja. R129 inadai aangalie nyuma angalau hadi miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema tangu 2018 tusitazame umri kabisa: mtoto abaki hivyo mpaka afikie kilo au urefu wa mwisho ambao kiti kinaruhusu upande huo. Miguu itajikunja. Ijikunje. Mtoto wa miaka miwili anakaa amekunja miguu siku nzima kwenye mkeka na halalamiki.

Kiti kinachoangalia nyuma hakiwekwi kamwe mbele penye mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Ule mfuko unafumuka kwa nguvu na kupiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko papo hapo nyuma yake.

Haya, karibuni. Mwenye swali aweke aina ya gari, kilo na urefu wa mtoto. "Mtoto ana mwaka" haitoshi.

Muzee wa Katuba

Mwanangu, aksanti kwa masomo. Lakini sisi tulibebwa ku mugongo ya bamama, tukapanda motoka, na tuko bazima mupaka leo. Haya ni mambo ya bazungu. Mutoto analia mule ndani, mama anamutosha, anamubeba. Njo vile iko. Mikono ya mama inashinda plastiki.

MwanaLushi

Muzee wangu, shikamoo. Waliosalia ndio wanaosimulia, wale wengine hawako hapa kutujibu. Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 10, gari inakwenda 50 kwa saa, inagonga lori na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda ule, mtoto anavuta kwa nguvu ya kilo 140. Hayo ni magunia matano ya unga ya kilo 25 na zaidi, yote yanakuruka mikononi kwa ghafla moja. Hakuna mama, hata awe na nguvu namna gani, wa kuyashika.

Na akiwa mgongoni ni vibaya zaidi, kwa sababu mama mwenyewe ndiye anayemgandamiza dhidi ya kiti. Kufunga mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili, ule mkanda unamkata mtoto kwa uzito wa mama.

Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilihesabu kwamba kwenye gari ndogo, kiti kinapunguza vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na vya mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Japani, zinakotoka hizi gari zetu, imelazimisha kiti kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000. Wajapani nao wanabeba watoto mgongoni, Muzee, lakini si ndani ya gari.

Mama Mapacha

Bwana MwanaLushi, mimi nina Vitz, mapacha wa miezi minane, mmoja kilo 8, mwingine 7 na nusu. Nimeahidiwa viti viwili vya mitumba na shangazi aliyeko Ubelgiji. Vitaingia kweli? Na tukisafiri na mama mkwe atakaa wapi?

Fundi Kampemba

Mama Mapacha, nikujibu mimi kwa upande wa gari. Vitaingia, pembeni na pembeni, vyote viangalie nyuma. Shida ni mbele. Kiti kilichogeuzwa nyuma kinakula nafasi, na kiti cha dereva kitasogea karibu na usukani. Kama Baba Mapacha ni mrefu, magoti yatagusa dashibodi. Mwambie aingie akae, mpime kabisa, kabla hamjamkubalia shangazi. Mama mkwe atakaa mbele na afunge mkanda. Pale katikati kati ya viti viwili kwenye Vitz hapakai mtu mzima, hapakai hata mkoba.

Niongeze jambo la sisi wenye usukani wa kulia. Congo tunashika kulia, kwa hiyo ukingo wa barabara uko upande wa dereva. Ukiwa na mtoto mmoja na katikati hapafai, mweke nyuma ya dereva. Ukisimama barabarani unamtoa ukiwa umesimama ukingoni. Ukimweka nyuma ya abiria, unafungua mlango kwenye magari yanayopita, na chaussée ya Kasenga mnaijua wenyewe. Watu wanasoma ushauri wa Ulaya "weka nyuma ya abiria" na kuufuata kama ulivyo, wakati kwao abiria yuko upande wa ukingo na kwetu hayuko.

Mikanda sasa. Uvute polepole mpaka mwisho, uutazame wote. Ukikuta nyuzi zimechanika, umeungua au umekatwa na kushonwa, badilisha. Kisha uvute kwa kushtukiza: lazima ushike. Usiposhika, ile mashine ya ndani imekufa. Na hivi vibati wanavyochomeka kwenye kifungio ili gari iache kulia tii-tii, vitoe. Vile vya kurefusha mkanda pia siviamini kwa kiti cha mtoto.

Kwa gari zingine, mkanda wa nyuma ukiuvuta wote hadi mwisho halafu ukauachia, unarudi kwa kelele ya tik-tik-tik na hautoki tena. Huo ndio unaoutaka. Umewekwa hivyo makusudi kwa ajili ya kufunga kiti cha mtoto.

MwanaLushi

Aksanti Fundi. Mama Mapacha, mwombe shangazi mambo matatu kabla hajatuma: picha ya kibandiko, kitabu cha maelekezo, na aseme ukweli kama gari yao iliwahi kugongwa viti vikiwemo. Kilichopita kwenye ajali kubwa hakitumiki tena hata kama plastiki inang'aa, kwa sababu nyufa zinaweza kuwa ndani usipoziona.

Na tarehe. Pindua kiti chini juu. Kwenye plastiki utaona kiduara kidogo kilichochongwa, kina namba 1 hadi 12 kukizunguka na mshale katikati. Mshale unaonyesha mwezi, namba mbili zilizo pembeni ya mshale ni mwaka. Viti vingi vina maisha ya miaka 6 hadi 10 kufuatana na kiwanda. Plastiki inachoka kwa jua, na jua letu la Oktoba halina huruma.

Vile vya soko ambavyo kibandiko kimebanduliwa, mikanda imebadilishwa kwa kamba ya begi, muuzaji anasema "ni ya Ulaya hiyo, mama": mpite. Nazo kuna viti vya kitambaa vinavyokunjwa kama mkoba, vinafungwa kwa kamba nyuma ya kiegemeo, bei ndogo sana. Havina E, havina chochote. Vile hata bure sivitaki.

Nesi Ruashi

Samahani kuingilia. Mimi nataka kusema kuhusu kumfunga mtoto, maana naona wanavyotoka uzazi.

Juni na Julai, asubuhi kuna baridi kali, tunawavalisha watoto majoho mazito, blanketi ndani, kofia, halafu mkanda juu ya yote hayo. Unaonekana umebana. Gari ikigonga, ile nguo inasinyaa na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Mvalishe nguo nyepesi, funga mikanda ikiwa imegusa kifua, kisha mfunike kitenge au blanketi juu ya mikanda. Joto ni lile lile.

Kujua kama imebana: jaribu kubana ule utepe kwa vidole viwili pale begani, kwa urefu, kama unachuna ngozi. Ukipata mkunjo wa kushika, bado ni legevu, vuta tena. Vidole vikiteleza bila kushika kitu, sawa. Anayeangalia nyuma, mikanda itokee kwenye usawa wa mabega au chini kidogo. Anayeangalia mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Watu wanasahau kuipandisha mtoto anapokua.

Mchanga asikalishwe wima. Kidevu kikianguka kifuani, njia ya hewa inaziba, na mtoto mdogo hana nguvu ya kuinua kichwa. Kiti kilazwe kama kitabu kinavyosema, mara nyingi karibu digrii 45. Usiongeze mito na vitenge nyuma ya mgongo wala chini yake, isipokuwa vile vilivyokuja na kiti chenyewe. Na mkifika nyumbani, mtoeni. Nakuta mtoto ameachwa alale mule masaa yote kwa sababu "ametulia". Kiti cha gari si kitanda.

Mama Mapacha

Nesi, Mungu akubariki. Hilo la blanketi ndani ya mikanda tunalifanya sote hapa Bel-Air! Na tukienda Kolwezi je?

Nesi Ruashi

Kolwezi ni kama kilomita 300, mama. Simameni Likasi, mtoeni alegeze mwili, anyonye, abadilishwe. Kwa wadogo kama wako, pumzika kila baada ya masaa mawili hivi. Usimtoe kumnyonyesha gari ikiwa inakwenda, hata akilia vipi, na hasa ile njia yenye malori ya madini. Mwambie dereva asimame pembeni.

Papa wa Pick-up

Na sisi wenye Land Cruiser ya kabine moja? Hakuna nyuma. Mtoto wangu miaka minne, kilo 16. Namfunga mkanda wa gari tu, anakaa sawa.

Fundi Kampemba

Papa, kilo 16 mkanda wa mtu mzima peke yake unampita shingoni na tumboni. Tumboni hakuna mfupa wa kuuzuia, unakata utumbo. Tafuta kiti chenye mikanda yake ya ndani kinachofika kilo 18 au zaidi, kiangalie mbele. Sogeza kiti cha abiria nyuma hadi mwisho ili awe mbali na dashibodi. Kama mbele kuna mfuko wa hewa, soma kitabu cha gari kinasema nini kuhusu mtoto anayeangalia mbele, na kama kuna kizimio cha ufunguo pale pembeni, kifuate. Ikiwa hakuna kiti cha nyuma na mfuko hauzimiki, mtoto wa kugeuzwa nyuma hapandi gari hiyo kabisa. Kwa huyo wa miaka minne inawezekana, ila ukiwa na gari nyingine nyumbani, atumie hiyo.

Papa wa Pick-up

Na baadaye, akizidi kiti?

MwanaLushi

Anahamia busta, yaani kile cha kumnyanyua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Kiwe chenye mgongo kama unapata. Utepe wa chini ulale kwenye mapaja na nyonga, wa juu upite katikati ya bega. Usipitishe chini ya kwapa, usipitishe nyuma ya mgongo, hata kama analalamika. Na busta haifanyi kazi na mkanda wa kiunoni peke yake, kwa hiyo ile nafasi ya katikati isahauni. Anaachana nayo akifika urefu wa sentimita 145 hadi 150. Kwa wengi hiyo ni miaka kumi na kuendelea, si sita. Najua mtakataa.

Muzee wa Katuba

Miaka kumi! Kwa miaka kumi mimi nilikuwa nachunga mbuzi.

MwanaLushi

Na mbuzi hawakuwa wanakwenda 80 kwa saa, Muzee.

Dada Kamalondo

Sisi tusio na gari mbona mmetusahau? Tunapanda teksi, nyuma watu wanne, mbele wawili. Kiti nitakiweka wapi?

MwanaLushi

Dada, una haki. Teksi ya kujazana hakuna dawa ya kiti humo, sitakudanganya. Panapowezekana, mfano siku ya kumtoa mtoto hospitali au safari ndefu, kodi teksi nzima, na uchague yenye mikanda nyuma. Kiti chepesi cha watoto wachanga, kile chenye mkono wa kubebea, vingi vinafungwa kwa mkanda wa gari bila kitako chake, yaani kile kipande cha chini kinachobaki garini, michoro iko ubavuni. Safari nyingine, kaeni nyuma, wewe ufunge mkanda wako peke yako, mtoto umshike nje ya ule mkanda. Si salama. Ni afadhali kuliko kumkalisha mbele au kumfungia pamoja nawe. Pikipiki na mchanga, hapana.

Dada Kamalondo

Nimekuelewa. Afadhali mtu anayesema "si salama" kuliko wanaotuambia tununue gari.

Mama Mapacha

Nimerudi. Nimevua mafuniko yote ya Vitz. Vifungio viwili vilikuwa chini kabisa, vimejaa vumbi jekundu na makombo ya biskuti, kimoja hakibofyeki. Nikipake mafuta? Na mikanda ya viti vya shangazi ikichafuka nifue na Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo?

Fundi Kampemba

Usipake mafuta, mama, yanashika vumbi zaidi. Pulizia hewa kwanza, nyonya vumbi na mashine kama unayo. Kisha chomeka na kuchomoa mara nyingi. Kisipobofyeka bado, leta tukibadilishe. Vya kiti cha mtoto vyenyewe kwa kawaida unaruhusiwa kuvisuuza kwa maji ya uvuguvugu, kitabu kitakuambia. Utepe, hapana Javel na hapana kuloweka, inaua nguvu za nyuzi. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uanike kivulini.

Vikifika viti, hivi ndivyo utakavyofunga. Pitisha mkanda kwenye njia iliyochorwa: mara nyingi ya bluu ni kwa kuangalia nyuma, nyekundu ni kwa kuangalia mbele. Mmoja aegemee na kukandamiza kiti chini kwa mkono, mwingine avute mkanda hadi mwisho. Halafu shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Usishike juu kichwani, kule kitacheza tu hata kikiwa sawa.

Mama Mapacha

Na siku wakigeuzwa mbele, ule utepe wa juu wenye ndoano unafungwa wapi? Nyuma ya kiti kwenye buti naona vipete viwili vya kufungia mizigo.

Fundi Kampemba

Vya mizigo hivyo acha, havikutengenezwa kushika uzito wa mtoto kwenye ajali. Tafuta chuma chenye alama ya nanga pembeni, kinaweza kuwa nyuma ya kiegemeo, kwenye sakafu ya buti au juu ya dari ya nyuma. Kama gari yako haina, nunua kiti kinachoruhusu kufungwa bila utepe wa juu. Nitumie picha ya hiyo buti tuangalie.